Nobu za ampli ya gitaa: kwa nini solo inazama ukumbini, na namna ya kuirudisha (uzi kutoka Kigoma)

#1 Mleta uzi, Kigoma

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wapiga gitaa, hasa nyie wa kwaya na bendi za harusi huku kwetu magharibi, mnaokabidhiwa ampli (kikuza sauti cha gitaa) bila mtu wa kuwaeleza kila nobu, yaani kile kitufe cha kuzungusha, inafanya nini. Mimi niko Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Jumamosi napiga solo kwenye bendi ya harusi, Jumapili niko na kwaya. Nitaandika kirefu, swali likikujia lilete hapohapo.

Miaka kadhaa nyuma tulipiga harusi Ujiji. Wiki nzima nilikaa chumbani nikitafuta sauti. Nobu ya besi (sauti nene) nikaipandisha karibu na mwisho, trebo (sauti nyembamba) vilevile, mido (sauti za katikati) nikaishusha mpaka chini kabisa. Pale chumbani ilikuwa tamu mno: nene chini, inang'aa juu. Siku ya harusi nikaweka hivyohivyo, nikafungua masta (nobu ya ukubwa wa sauti yote), nikapiga usiku kucha nikiamini kazi imekwenda.

Jumatatu shangazi wa bwana harusi akaturushia video aliyoichukua akiwa meza za katikati. Sebene ndefu (kile kipande cha kucheza ambacho gitaa ndilo linaongoza), na gitaa halisikiki. Vidole vyangu naviona vinakimbia, sauti haipo. Halafu kuna mahali mpiga besi na mpiga kinanda wananyamaza, zinabaki dramu tupu, na gitaa linajitokeza ghafla, noti kwa noti. Besi inarudi, gitaa linazama tena.

Kipande kile nilikirudia mpaka bando likaisha. Ampli sikuwa nimeigusa. Nguvu ya mkono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba wenzangu wawili walinyamaza. Basi shida haikuwa volyumu.

Uzi mnene wa gitaa la besi, ile E, unatikisika mara 41 kwa sekunde, yaani Hz 41. Dramu kubwa ya mguu nayo iko maeneo hayohayo ya chini. E nene ya gitaa letu ni Hz 82, E nyembamba ikiwa wazi ni karibu Hz 330. Juu kabisa, maelfu ya Hz, wamekaa matoazi na ile "s" ya waimbaji. Mimi nilikuwa nimekata katikati, ambako gitaa ndiko kwao, nikajazia chini na juu. Yaani nilihamia vyumba viwili ambavyo tayari vina wapangaji, nikakiacha changu kitupu.

Chumbani peke yako huwezi kulijua hilo, kwa sababu humo hakuna wapangaji wengine.

#2 Mleta uzi

Kabla sijaendelea, tukubaliane namna ya kutajiana nobu, maana ampli nyingine zina namba 0 hadi 10 na nyingine hazina namba kabisa.

Tumia saa. Nobu ikifungwa kabisa, mshale wake unaangalia chini kushoto, pale mshale wa saa unapokuwa saa moja asubuhi. Ikifunguliwa mpaka mwisho iko saa kumi na moja jioni. Juu katikati ni saa sita mchana. Kushoto saa tatu, kulia saa tisa. Hivyo ndivyo nitakavyoandika mpaka mwisho.

Sasa njia ya sauti. Pikapu (nasema zile sumaku chini ya nyuzi, siyo gari) inatoa umeme mdogo sana. Unapita kwenye waya, unaingia ampli, unakutana na geini. Kutoka hapo unapita besi, mido, trebo. Unafika masta, unaingia sehemu ya nguvu, ndipo unakwenda spika. Ukiijua foleni hiyo, nusu ya mambo unaweza kuyawaza mwenyewe.

Geini na masta ndizo zinazowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu zote mbili zinaongeza kelele. Geini ni kiasi gani unaisukuma ile hatua ya mwanzo. Ukiisukuma kupita uwezo wake, vilele vya sauti vinakatwa, na huko kukatwa ndiko tunakoita kupasuka au kukwaruza. Masta haibadilishi hilo, yenyewe inaamua tu kile kilichokwishatengenezwa kitoke kikubwa kiasi gani.

Jaribio: weka masta chini, geini saa tatu. Piga uzi mmoja taratibu, kisha upige kwa nguvu. Utasikia tofauti kubwa kati ya pigo na pigo. Peleka geini saa nane, rudia. Pigo dogo na pigo kubwa sasa vinakaribiana, noti inakaa muda mrefu, na mvumo umeongezeka. Geini nyingi inabana sauti. Kwa solo ya roki hilo ni zuri. Kwa sebene ni msiba, kwa sababu sebene inaishi kwenye lile pigo la mwanzo, ule mchomo wa kidole. Ukiubana, noti zote zinalingana na utamu umekwenda.

Kwa hiyo sebene: geini saa mbili au saa tatu, masta ndiyo ifanye kazi ya kupaza.

#3 Mdau, Kasulu

Mkuu hapo kwenye mido umenigusa. Ampli yetu ya kanisani ina watti 30 tu. Mimi nilikuwa namwambia mzee wa kanisa tununue ya watti 60 maana gitaa halisikiki. Ina maana ingekuwa bure?

#4 Mleta uzi

Isingekuwa bure kabisa, ila ungeshangaa ilivyo ndogo. Watti zikiongezeka maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu. Unasikia imepanda kidogo, basi. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili ya ile" unahitaji kama desibeli 10, yaani watti mara kumi. Kutoka 30 uende 300.

Kabla hamjachangishana, fanyeni mambo mawili Jumapili hii. Mido ipeleke saa nane. Halafu inua ampli kutoka sakafuni. Spika ya inchi 12 inatupa sauti nyembamba mbele yake kwa mstari, kama mwanga wa tochi. Ikiwa chini, tochi inamulika magoti yako. Wewe unasikia ubutu, unaongeza trebo, na yule mama wa benchi la mbele anachomwa masikio. Kreti mbili za soda tupu zinatosha, au iegemeze ukutani iangalie juu kidogo.

Mimi binafsi siku hizi silipigi gitaa mpaka ampli inielekee usoni. Nikiichukia trebo yangu mwenyewe, najua na wengine wanaichukia.

#5 Fundi redio, Tabora

Nichangie kidogo maana haya madude nayafungua kila siku. Mleta uzi yuko sahihi, ila kuna kitu watu wanadhani na siyo kweli: kwamba nobu zote tatu zikiwa saa sita sauti inakuwa "ya kawaida", haijaongezwa wala kupunguzwa.

Kwenye ampli nyingi za gitaa, hasa zilizofuata mtindo wa makampuni ya Fender na Marshall, hizo nobu haziongezi chochote. Ni vizuizi na kapasita, zinapunguza tu. Na zimeunganishwa pamoja, ukigusa moja nyingine nazo zinasogea. Kwenye Fender, zote zikiwa saa sita katikati tayari pana shimo, maeneo ya Hz mia nne na kitu. Ukitaka sauti iliyonyooka unafanya kinyume cha unavyodhani: mido mpaka mwisho, besi na trebo chini sana. Marshall ya kwanza, JTM45, ilichorwa kufuata ampli ya Fender Bassman, kwa hiyo ni ndugu.

Ndiyo maana huyu bwana akisema mido saa nane, msidhani anaongeza sana. Anajaza shimo lililokuwepo.

Na mkikutana na ampli ya Vox AC30 yenye nobu imeandikwa Cut, hiyo inakwenda kinyume. Ukiifungua, trebo inapungua. Nimeletewa moja hapa mwenyewe akisema imeharibika, kumbe nobu tu ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.

#6 Mleta uzi

Fundi, ahsante sana, hilo la kupunguza tu sikuwa nimeliweka wazi. Na linaeleza kwa nini ampli nyingine ukizifunga besi, mido na trebo zote tatu, sauti inakaribia kufa kabisa hata kama masta iko juu.

Kwa kuwa uko Tabora, niseme hili pia. Marehemu Shem Karenga alikuwa mtoto wa Kigoma, alianzia Lake Tanganyika Jazz hapa kwetu kabla ya kung'ara na Tabora Jazz kwenu. Wadau, tafuteni rekodi za Tabora Jazz msikilize magitaa tu, achaneni na maneno. Kila gitaa lina mahali pake. Solo iko juu, nyembamba, haina besi ya kuburuta. Rhythm (gitaa la kusindikiza) iko chini yake, kavu. Besi peke yake ndiyo inajaza chini. Gitaa moja ukilitoa pale ulisikilize peke yake, unaweza kusema ni jembamba mno. Likiwa pamoja na wenzake linakaa sawasawa. Sisi wenye nobu nyingi tunazijaza zote.

Ninavyoweka mimi sasa, ampli yangu ya transista, gitaa lenye pikapu za koili moja (msokoto mmoja wa waya):

Solo ya sebene: geini saa tatu, besi saa nne, mido saa nane, trebo saa saba, riverbu (mwangwi) saa mbili tu. Nikipiga rhythm, besi naishusha hadi saa tatu na mido hadi saa saba, nimwachie solo nafasi. Nyimbo za taratibu za kuabudu, ambapo mara nyingi tunabaki mimi na kinanda, besi narudisha saa sita na riverbu inapanda hadi saa tano.

Msizikariri. Ampli yako siyo yangu. Kitu cha kukamata ni kwamba besi yangu iko chini ya mido kila mara bendi ikiwa kamili.

#7 Dada, Urambo

Kaka mimi ndiye mpiga gitaa pekee mwanamke kwenye kwaya yetu, na kila nikipandisha mido wananiambia gitaa linapiga kelele puani. Mzee wa mitambo anakuja ananishushia mwenyewe. Nifanyeje?

#8 Mleta uzi

Dada yangu, pole, na kwanza hiyo ya mtu kukugusia ampli katikati ya ibada siyo sawa kabisa. Mweleze kwa heshima kabla ya ibada: akitaka kupunguza, apunguze kwenye miksa yake, ampli akuachie.

Ila lile neno "puani" lichukulie kwa uzito, ni taarifa nzuri. Mido ikizidi ndivyo inavyosikika hasa. Mara nyingi chanzo ni moja kati ya mambo mawili. Ama geini yako iko juu, na mido ikiongezewa mkwaruzo inakuwa pua kweli. Ama unatumia pikapu ya karibu na brigi (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa), ambayo yenyewe ni kali. Hamia pikapu ya shingoni au ile nafasi ya katikati ya swichi, teremsha geini hadi saa mbili, halafu mido ijaribu saa saba badala ya saa nane. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini akae benchi la nyuma, akusikilize kwaya nzima ikiimba. Asisikilize ukiwa peke yako. Ukiwa peke yako kila mtu atapenda mido iwe chini.

Na usisahau nobu za gitaa lenyewe. Volyumu ya gitaa ukiishusha kutoka 10 hadi 7, geini nayo inapungua bila kugusa ampli. Mimi nyimbo zote nazianza 7. Solo ikifika napandisha, ikiisha narudi. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kinafanya kazi hiyo huku vingine vinapiga.

#9 Mdau, Kibondo

Presensi ni nini? Yangu naizungusha sioni tofauti.

#10 Mleta uzi

Presensi inagusa sauti za juu kabisa, juu ya trebo, na kwenye ampli za valvu (zile zenye taa za kioo ndani badala ya transista) haipo kwenye foleni pamoja na nobu nyingine. Iko mwishoni, kwenye sehemu ya nguvu. Kwa hiyo volyumu ikiwa ndogo hutaisikia vizuri. Fungua masta kidogo, piga uzi mwembamba karibu na brigi, ndipo uizungushe. Ile swichi ya brait, kama unayo, inafanya kinyume: inasikika sana volyumu ikiwa ndogo, ukipandisha inafifia.

#11 Mdau, Kigoma (Gungu)

Ampli yangu inavuma mmmm muda wote. Jamaa kaniambia nikate ile pini ya tatu ya plagi, ile ya ethi, mvumo utaisha. Kweli?

#12 Mleta uzi

USIKATE. Nakuomba ndugu yangu.

Ni kweli mvumo unaweza kupungua. Lakini ile pini ndiyo njia ya umeme kukimbilia ardhini kukiwa na hitilafu ndani. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya ampli kupitia waya. Ukiikata na hitilafu ikatokea, nyuzi zinakuwa na umeme wa 230V. Umeshika nyuzi kwa mkono, unasogeza mdomo kwenye maiki ambayo ina ethi nzuri, njia imekamilika kupitia kifuani kwako. Watu wamekufa jukwaani kwa namna hiyo.

Mvumo utafute hivi. Chomoa waya wa gitaa kwenye ampli. Mvumo ukinyamaza, basi chanzo ni gitaa au waya. Kama gitaa lina pikapu za koili moja, geuka taratibu ukiwa umesimama: ukielekea upande fulani mvumo unapungua, ukigeuka unarudi. Hiyo ni tabia ya koili moja kunasa mawimbi ya umeme wa Hz 50. Sogea mbali na transfoma, na taa za mirija, na chaja ya simu. Pikapu za hambaka zina koili mbili zinazofuta mvumo huo. Kama mvumo unabaki hata waya ukiwa nje, mpelekee fundi.

Na kama mvumo unakuja ukiwa umeunganishwa na miksa tu, chomekeni ampli na miksa kwenye soketi moja. Mara nyingi inaisha.

#13 Fundi redio, Tabora

Naunga mkono #12 kwa herufi kubwa. Niongeze mawili yanayoniletea kazi hapa. Moja, ampli zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani. Soma nyuma: kama imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke ukutani. Umeme wetu ni 230V, utasikia mlio mmoja tu. Tafuta transfoma ya kushusha. Pili, ampli ya valvu usiiwashe bila spika kuunganishwa, hata kwa kujaribu tu. Transfoma ya kutolea sauti inaungua, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kali.

#14 Mdau, Kasulu

Mrejesho kutoka #3. Nimeinua ampli juu ya benchi, mido saa nane, besi saa nne. Ibada ya kwanza gitaa lilisikika mpaka mlangoni. Ibada ya pili watu walijaa, likawa kama limefunikwa tena. Sikugusa kitu. Kwa nini?

#15 Mleta uzi

Hongera mkuu, na swali lako ni zuri kuliko uzi wangu.

Miili ya watu na nguo vinameza sauti, hasa za juu. Kanisa tupu lenye sakafu ya sementi na bati juu linarudisha trebo yote. Likijaa, trebo inamezwa na nusu ya ile uliyoipenda asubuhi imekwenda. Kwa hiyo ukijaribu mitambo ukumbi ukiwa mtupu, weka trebo ikukere kidogo tu, au jiandae kuipandisha kidogo watu wakishakaa.

Jambo la pili ni sikio lenyewe. Sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii vizuri besi na trebo, linasikia katikati. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani mwaka 1933. Ndiyo maana chumbani, kwa sauti ya kutomwamsha mtoto, wote tunajikuta tunaongeza besi na trebo. Ukifungua masta ukumbini zile zote zinafumuka pamoja, chini panaunguruma na juu panachoma. Kwenye ile harusi ya Ujiji ndiko nilikoyaona hayo bila kujua jina lake. Nobu za toni ziweke kwenye sauti ileile utakayopigia, bendi ikiwa inapiga.

Mimi nimebandika utepe wa karatasi juu ya nobu, nimechora vistari kwa kalamu: bluu ukumbi wa Mwanga, nyekundu kanisani, nyeusi nje kwenye turubai. Nje kabisa ndipo mido yangu inafika saa tisa, kwa sababu hakuna ukuta wa kukurudishia chochote, na upepo wa ziwa ukianza jioni trebo inakwenda na kurudi. Pale usihangaike kuifukuza trebo, ongea na fundi mitambo aweke maiki mbele ya ampli, sentimita chache kutoka kwenye kitambaa, pembeni kidogo ya katikati ya spika.

Jumapili nitaweka simu benchi la nyuma ibada zote mbili, nobu zikiwa palepale, nivipandishe vipande viwili hapa mlinganishe wenyewe.